Aya ya 112

Boksi lilikuwa la kripsi za kitunguu,
huko juu darini Aberdare, siku tuliyokwenda
mimi na Ieuan kuifunga nyumba ya mama.
Na ndani, kwa mpangilio wa mtu asiyepanga hata soksi zake,
*Upanga na Mshumaa*, toleo la kwanza hadi la thelathini na moja.
Jalada la juu: joka limevaa miwani.
Mhariri alikuwa na utani mbaya, nasi tulimpenda kwa huo.

Tukaketi juu ya mbao, kazi ikatuponyoka.
Haya hapa matangazo: mazimwi ya risasi, sita kwa pauni mbili;
dadu za nyuso ishirini, rangi ya nyongo au ya divai.
Hii hapa barua ya Gethin Prosser, umri miaka kumi na mitatu:
*Mpiga mishale wangu alikufa kwa kuteleza kwenye supu.
Je, anaweza kurudi?*
Na jibu: *Kanuni inakataa. Meza ni yako.*
Gethin siku hizi anauza matangi ya samaki Swansea.
Sikumbuki kama yule mpiga mishale alirudi.

Kisha toleo la kumi na saba,
la mwaka wa mgomo, baba akishinda langoni mwa mgodi
na sisi nyumbani tukihesabu makaa kipande kwa kipande.
Mkasa wa mchezaji mmoja, aya mia mbili:
ukifungua mlango wa shaba, nenda 88;
ukirudi nyuma, nenda 41.
Pembeni, penseli.
Si ya Ieuan, aliyekuwa akiandika hadi karatasi inalia.
Si yangu.
Ieuan akageuza gazeti, akasoma kwa sauti:
*margarini, kibiriti, uzi wa sufu wa kijivu*,
na chini yake, mkono uleule:
*Nguvu 9. Bahati 7. Jina: Gwenllian wa Shoka.*

Mama.
Mama wa zimeni taa, majoka yenu yatangoja asubuhi.
Mama aliyebaki jikoni, nasi kitandani tukisema anafuma.
Alikuwa akitupa dadu ya ludo,
na alikufa mara nne kwenye mlango wa shaba.
*Tarehe 6, buibui. Tarehe 9, buibui tena, mjinga mimi.*
Mara ya tano akapenya.
Akavuka daraja, akamhonga mlinzi mshumaa wake wa mwisho,
bahati ikashuka hadi 2,
na mwisho wa safu: *nenda 112.*

Nikafunua.
112 ni tundu.
Mraba wa hewa, kingo zimenyooka,
na ng'ambo yake naliona goti la kaka yangu.
Nyuma ya aya ile palikuwa na kuponi ya mazimwi ya risasi.
Mkasi ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka kumi.

Ieuan hakucheka. Halafu akacheka sana.
Ndipo ikadondoka risiti ya duka la ushirika,
na mgongoni mwake, bila neno lililofutwa:

*112. Chumba kina jiko, nalo linawaka.
Hakuna anayekudai. Vua viatu.
Ukitaka kuendelea, tupa dadu.
Ukitaka kuketi, keti.*

Jumapili nikampelekea gazeti kule anakotunzwa.
Akapapasa kingo za tundu,
akapenyeza kidole, akakichezesha upande wa pili
kama panya anayechungulia.
"Yalifika, yale madude yako?"
Matatu, nikasema, badala ya sita. Moja halina mkono.
Akasonya, kana kwamba aliyepunjwa ni yeye.
Muuguzi akaleta chai, akaondoka.
"Niliketi," mama akasema, "kama unataka kujua.
Dadu niliitupa kwanza. Ikatoka sita.
Lakini niliketi."